Kabla Hujabofya "Sasisha" Kwenye Laptopu ya Zamani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, laptopu yangu ni ya siku nyingi, na kila nikiiwasha inanikumbusha kuwa Windows 10 haihudumiwi tena. Nihamie 11 au niiache hivyo hivyo?" Nilimjibu kwa mistari miwili, halafu nikajiona mchoyo. Swali hilo mimi limenigharimu mteja, na mpaka leo likitajwa naumia kidogo.

Ilikuwa Julai 2016. Nilikuwa na laptopu ya Windows 7, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, na diski ya kizamani, ile inayozunguka. Microsoft walikuwa wanatoa Windows 10 bure, na ofa yenyewe ilikuwa inafungwa tarehe 29. Kile kialama pembeni mwa skrini kilikuwa kinanichungulia kila siku, nami ni mtu ambaye nikisikia neno "bure" akili inaniaga. Siku mbili kabla ya mwisho, usiku, nikiwa na kazi ya kutafsiri kurasa 120 inayotakiwa Jumatatu, nikabofya.

Iliendelea usiku kucha. Asubuhi nikakuta skrini mpya, inapendeza. Nikaipiga picha nikamtumia shemeji yangu, fundi wa ukoo. Akajibu neno moja: "Subiri."

Sikusubiri sana. Nilifungua faili la kazi, nikiandika neno linatokea nimeshaanza kufikiria la tatu. Feni inavuma bila kupumzika. Nikaangalia matumizi ya diski: asilimia 100, na mimi sijafungua kitu kingine. Skana nayo haitambuliki, kwa sababu walioitengeneza walishaacha kuitolea draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Halafu mashine ikaanza kulalamika kwamba nafasi imekwisha.

Nikajifanya fundi. Nikafungua sehemu ya kusafisha diski, nikakuta kitu kinachokula zaidi ya GB 20, kimeandikwa kuwa ni mfumo uliotangulia. Nikakitia tiki, nikakifuta, nikajipongeza kwa chai. Nusu saa baadaye uvumilivu ukanishinda, nikaamua kurudi Windows 7. Natafuta batani ya kurudi, haipo. Kumbe nilichofuta ndiyo folda ya Windows.old, na humo ndimo ulimokuwa mfumo wangu wa zamani. Wakati ule ulikuwa unapewa siku 30 za kubadili mawazo. Mimi nilizimaliza asubuhi moja.

Nikampigia shemeji. Alicheka mpaka akaweka simu chini, kisha akaniambia mbele ya watoto wangu waliokuwa wanasikiliza: "Shemeji, umekata tawi ulilokalia." Kazi niliipeleka Alhamisi. Mteja alilipa yote bila neno, na hajanitafuta tena.

Miezi iliyofuata tuiruke, haina kitu zaidi ya kusubiri mashine iwake. Ila siku moja shemeji huyo huyo alikuja na SSD, diski ya kisasa, mfukoni, akatoa ile diski ya zamani, akaongeza na RAM ikafika GB 8. Mfumo ule ule niliokuwa naulaani ukawa unawaka kabla sijakaa vizuri kitini. Akanieleza, nami nikaelewa kwa uchungu: kwenye diski inayozunguka kuna kijisindano kinachohama huku na huko kutafuta kila kipande cha faili, na Windows 10 ina mambo mengi inayoyafanya chinichini, inatafuta masasisho, inakagua virusi, inapanga orodha ya mafaili yako. Kijisindano kimoja, mabwana mia. SSD haina cha kuzungusha. Miezi yote ile nilikuwa namlaumu mgeni wakati nyumba yenyewe ndiyo mbovu.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniuliza, jambo la kwanza: angalia diski kabla hujaangalia mfumo. Kama bado una diski inayozunguka, badilisha hiyo kwanza, ndipo tuongee.

Jambo la pili, hiyo Windows 10. Ni kweli huduma yake ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haina maana laptopu itazimika. Maana yake ni kwamba matundu mapya ya usalama yakigunduliwa, hayazibwi. Msilichukulie hili kimzaha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima wakidaiwa fidia, na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimeshatolewa Machi. Wengi walioumia walikuwa kwenye Windows 7 ambayo hawakuisasisha. Kama mashine yako inaingia intaneti, unafungulia benki na barua pepe, usikae uchi. Kwa watumiaji wa nyumbani upo mpango wa kujiandikisha upate viraka vya usalama mpaka Oktoba 2026. Jiandikishe, upumue, uamue ukiwa umetulia. Kuhamia mfumo mpya ukiwa na kazi ya watu mkononi ni ujeuri, na tunaupenda mno ujeuri huu, tunakimbilia kila kipya kana kwamba kitatukimbia. Nimeshasema, nasema tena: usibofye ukiwa na kazi ya Jumatatu.

Sasa niwape na la kujisifu kidogo. Mwezi uliopita nilihamisha laptopu yangu ya pili, yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel kizazi cha 8, ambacho ndicho cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11 kwa upande wa Intel, ukiacha mashine chache sana. Programu ya kukagua ikanikatalia: TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, haijaonekana. Mimi yule wa 2016 ningekata tamaa, au ningeingia mtandaoni kutafuta ujanja wa kuruka masharti. Ujanja huo upo, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na matoleo ya karibuni hayawaki kabisa kwenye prosesa za zamani sana. Mimi wa sasa nikaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikakuta kitu kinaitwa PTT kimezimwa. Hiyo ndiyo TPM ya Intel kwa jina lingine. Kwenye mashine za prosesa za AMD huitwa fTPM. Nikaiwasha. (Kabla ya kugusa chochote huko, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, andika ule ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi. Ni tarakimu 48, zinachosha, andika tu.)

Ilikuwa Jumamosi, sina deni la mtu. Mafaili yote yapo kwenye diski ya nje, na nilifungua matatu kuhakikisha yanafunguka kweli. Siku hizi muda wa kurudi nyuma ni siku 10 tu, kwa hiyo Windows.old nilipita mbali nayo kama moto. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia shemeji.

"Subiri," akajibu.

Nimesubiri. Leo siku ya kumi na nne, kila kitu kinafanya kazi, naye kimya.

Na ile ya 2016? Windows 11 haiwezi, prosesa yake ni ya zamani mno, na sikubishana nayo. Nimeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kutumia badala ya Windows, ambao ni bure na unapokea masasisho kama kawaida. Watoto wanaandikia humo kazi zao za shule. Wiki iliyopita binti yangu alichomeka ile skana iliyotupwa kabatini tangu enzi hizo, ikawaka taa, ikavuta karatasi, ikatoa picha safi bila kuuliza draiva.