Kabla hujachagua barua pepe ya kwenda nayo Ujerumani, angalia laini yako

Mdogo wangu, umeuliza barua pepe ipi ni ya uhakika kwa mtu anayekwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na kama uhame Gmail kabla ya kupanda ndege mwezi wa tisa. Wakuu waliotangulia, mmoja amekupigia debe Proton, mwingine kasema zote ni zile zile usijisumbue. Mimi niko Leipzig tangu 2016 na barua pepe imeshawahi kuniliza, kwa hiyo nivumilie, nina mengi.

Nianze na hili: kampuni siyo shida yako kubwa. Shida yako ni ile namba ya simu ya Tanzania uliyoiandika siku unafungua akaunti, ukaisahau.

Nilipoondoka Dar nilikuwa na anwani niliyoifungua nikiwa chuo, kwenye kampuni kubwa ambayo siitaji kwa sababu uzembe ulikuwa wangu pia. Laini nilimwachia mdogo wangu wa kiume pale Mbagala, akaitia kwenye kitochi. Kila nikiingia kwenye kompyuta mpya, kampuni inaona mtu yuko Ujerumani, inashtuka, inatuma namba ya uthibitisho ya tarakimu sita kwa meseji. Meseji inatua Mbagala. Basi napiga simu. Majira ya baridi saa nne usiku ya huku ni saa sita nyumbani, mtu yuko usingizini.

"Dada, subiri niwashe taa. Ee, imeingia. Mbili, tano, tano, sifuri..."

"Tano ni mbili au moja?"

"Ni mbili. Ngoja, kuna nyingine imeingia sasa hivi."

Hiyo nyingine ndiyo iliyoiua ya kwanza, maana kwa kukosa subira nilishabonyeza "tuma tena". Tunaanza upya. Na siku kitochi hakina chaji na umeme umekatika, ndiyo mpaka kesho.

Tuliishi hivyo zaidi ya miaka mitatu. Halafu ikaja ile ya kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mtakumbuka, baada ya tarehe 20 Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Mdogo wangu alikwenda kupanga foleni, akaambiwa mwenye laini aje mwenyewe na dole gumba lake. Dole langu lilikuwa Leipzig linaogesha wazee. Nikasema potelea mbali, namba yenyewe hata siipigii. Mwezi wa tatu nikaibiwa simu kwenye tramu.

Nikanunua simu nyingine. Nywila naijua, naandika, naletewa jibu kwamba namba imetumwa kwenye simu inayoishia na 47. Hiyo 47 ilikuwa marehemu miezi miwili. Barua pepe ya akiba niliyowahi kuiweka ilikuwa ya ofisi niliyoiacha Dar 2016. Fomu ya kurejesha akaunti niliijaza mara nane au tisa, kila mara wananiambia hawawezi kuthibitisha kwamba ni mimi. Mtu wa kuongea naye hayupo. Ndiyo barua pepe ya bure hiyo: ukifungiwa nje hakuna dirisha la kugonga.

Kilichoniokoa nusu ni laptop yangu mbovu yenye kioo kilichopasuka. Ilikuwa na Thunderbird, ile programu ya kusomea barua, nayo ilikuwa imeshusha kila kitu mpaka Februari. Vyeti vyangu vilivyoskaniwa, barua za usaili, vyote vilikuwamo. Barua nilikuwa nazo, anwani sina. Mwenye nyumba wangu wa zamani alikuwa ananiandikia kule kule kuniuliza namba ya benki anirudishie dhamana ya pango la miezi mitatu, anaona kimya. Pesa ile niliipata kwa barua ya karatasi na stempu, na ni kwa vile yule mzee alikuwa muungwana.

Kwa hiyo haya yafanye ukiwa bado Dar, usisubiri ufike uwanjani Frankfurt. Weka programu ya kuzalisha namba za uthibitisho kwenye simu yako. Ziko za bure, na hazihitaji laini wala bando, zinafuata saa ya simu tu, ila ukibadilisha simu ihamishe kwanza kabla hujaifuta ile ya zamani. Kama ni Gmail, ingia sehemu ya usalama uchukue namba za akiba: zinakuja kumi, kila moja ina tarakimu nane, ukiitumia imekwisha. Zichapishe. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ile ile, maana mwizi anaondoka na vyote. Barua pepe ya akiba iwe ya kampuni tofauti, na uwe unaifungua, siyo ya ofisi wala ya mchumba (cheka tu, nimeyaona). Laini yako hakikisha imesajiliwa kwa dole lako, washa roming kabla hujaondoka, na uulize dukani inakaa muda gani bila vocha kabla hawajaifunga. Kwa kawaida kupokea meseji ukiwa nje hakukatwi pesa. Ukishapata namba ya Ujerumani, iongeze, lakini ile ya nyumbani usiifute siku hiyo hiyo. Benki na simu-pesa bado zinaitafuta.

Ukishamaliza hayo, kuchagua kampuni ni kazi nyepesi.

Kubaki Gmail ni sawa kabisa. Ila jua zile GB 15 za bure siyo za barua peke yake, zinagawanwa na picha na mafaili yako. Tangu 2024 hata nakala ya WhatsApp ya simu za Android inahesabiwa humo humo. Sasa fikiria makundi yetu: kamati ya harusi, ukoo, wahitimu wa shule, kila mtu na video yake ya dakika tano. Nafasi ikijaa, barua haziingii wala hazitoki. Mwenzangu mmoja hapa alikuwa anasubiri tarehe ya miadi ya kibali cha kuishi, kumbe barua imeshagonga mwamba ikarudi, sababu ni video za kitchen party ya binamu yake. Zima video kwenye nakala ya WhatsApp leo hii.

Proton nayo ni nzuri, wako Uswisi, walianza 2014, na barua zako hata wao wenyewe hawawezi kuzisoma. Mkuu aliyeisifia hakukosea, ila hakumalizia sentensi. Ukisahau nywila, na hukuhifadhi yale maneno 12 ya kurejesha, unaweza kuweka nywila mpya na kuingia, lakini barua za zamani zinabaki zimefungwa mbele ya macho yako. Kwa mtu mwenye nidhamu ya kutunza karatasi, ni hazina. Kwa mtu kama mimi wa 2020 ingekuwa msiba wa pili.

Mimi sasa hivi nalipia. Niko Posteo, kampuni ya Berlin, inaanzia euro 1 kwa mwezi, haina matangazo, na hata ukitaka kuwatumia noti ndani ya bahasha wanapokea. Wajerumani wengi wako GMX na Web.de, ambazo zina huduma ya bure, lakini matangazo yake yananichosha. Gmail yangu mpya nimeiacha kwa ajili ya simu na YouTube. Mambo ya serikali, mwajiri, benki na mwenye nyumba yote yanaingia Berlin. Hiyo euro moja naiona ni bei ya kuwa na mtu wa kumwandikia nikikwama.

Popote utakapokwenda, usiache akaunti ya bure ilale. Google wana utaratibu wa kufuta zilizokaa miaka 2 bila kuguswa, Proton miezi 12, na Tuta, kampuni nyingine ya barua pepe iliyoko Hannover huku Ujerumani, miezi 6 tu. Wewe unayesoma hii ukiwa njiani kwenda China, swali lako ni lingine kabisa: Gmail kule imezuiwa tangu mwisho wa 2014, kwa hiyo beba anwani nyingine mkononi kabla hujatua.

Kuna anwani mbili utapewa bure ambazo nakukataza. Ya chuo, itumie kwa mambo ya chuo tu, ukihitimu wanaifunga. Na ya kampuni ya intaneti itakayokuwekea waya chumbani. Mimi ya kwangu niliiandika mpaka kwenye CV, nilipohama mtaa nikabadilisha kampuni, anwani ikaondoka na mkataba. Anayepanga kukaa nje miaka kumi anaweza kununua jina lake la tovuti, hata la .co.tz, akahama nalo kampuni hadi kampuni bila kubadilisha anwani. Ila siku kadi ya benki ikifa ukasahau kulipia jina, unapotea wewe na anwani yako. Kwa mwaka wako wa kwanza usijitwishe.

Jina la anwani lenyewe liwe jina lako la kwanza na la ukoo, na nukta katikati, basi. Utalitaja herufi kwa herufi kwenye simu kwa Kijerumani cha miezi sita, kwa mhudumu mwenye haraka. Ukiwa na "mtotowamama_94__tz" utajuta, hasa kwenye vile vistari vya chini.

Nilitaka kusahau kibodi! Za Kijerumani herufi Z na Y zimebadilishana viti. Nywila yangu ya kwanza ilikuwa na "zawadi" ndani yake. Maktaba ya mjini naandika, naona vidoti tu, nakataliwa, naandika tena polepole, nakataliwa, mara ya tano akaunti ikafungwa kwa saa 24. Nilikuwa naandika "yawadi". Na @ haipo juu ya 2, bonyeza AltGr pamoja na Q.

Zile namba za akiba mimi nina nakala mbili. Moja iko nyuma ya jalada la pasipoti. Nyingine iko Mbagala, kwenye kopo la biskuti la mama, pamoja na hati ya kiwanja. Mama hajui ni za nini, nilimwambia tu ni namba za benki za Ulaya, na tangu siku hiyo hata mdogo wangu haruhusiwi kuligusa kopo.