Kabla hujang'oa viti vya nyuma

Nilipoanza kuipeleka Subaru Impreza yangu ya 1998 kwenye siku za mbio pale Whistling Morans, Athi River, nilianza na kile ambacho wengi wetu huanza nacho: nilishika spana nikang'oa. Viti vya nyuma, zulia, tairi la akiba, jeki, spika za nyuma. Jumla kilo 60. Kwenye sehemu iliyonyooka gari lilichangamka kweli. Kwenye kona likawa baya kuliko lilivyotoka kwa mwenye nalo wa kwanza. Nakata usukani, pua inazidi kwenda mbele, tairi za mbele zinalia, nami nimekaa nangoja zishike.

Nilitumia miezi nikilaumu tairi, kisha shoki. Siku niliyopima uzito ndipo nilielewa.

Injini ya Subaru imekaa karibu yote mbele ya ekseli ya mbele. Gari langu, nikiwa ndani, lilikuwa na kilo 1,300: 780 mbele na 520 nyuma, yaani asilimia 60 kwa 40. Zile kilo 60 nilizitoa zote nyuma. Zikabaki 780 kwa 460, na pua sasa inabeba karibu asilimia 63. Na tairi lina tabia moja ambayo lazima uijue: ukiliongezea mzigo maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Ekseli iliyolemewa ndiyo inayochoka kwanza kwenye kona. Nilikuwa nimepunguza uzito wa gari, lakini sehemu iliyolemewa sikuigusa hata kidogo.

Kwa hiyo pima kwanza. Mizani ya malori itakupa mbele na nyuma: panda na tairi za mbele tu, andika, kisha za nyuma. Ila mizani hiyo husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo haifai kupima tairi moja moja. Kwa kazi hiyo mimi hutumia ubao mnene na mizani ya kupimia uzito wa mwili. Upande mmoja wa ubao unakaa juu ya kipande cha chuma, upande wa pili juu ya mizani, umbali wa sentimita 120 kati yao. Tairi linakanyaga sentimita 30 kutoka kwenye chuma. Mizani itasoma robo ya mzigo; toa kile ilichosoma ubao ukiwa mtupu, kisha zidisha kwa nne. Tairi tatu zilizobaki ziinue kwa mbao hadi kimo kilekile, la sivyo unajidanganya. Fungua linki za stabilaiza (chuma kinachounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili gari lisilale sana kwenye kona) kabla ya kuanza, weka mafuta kiasi unachokimbia nacho (lita 40 za petroli ni kilo 30 hivi), na kiti cha dereva kisiwe kitupu. Mimi nina kilo 72, kwa hiyo beli tatu za unga wa ugali zinaniwakilisha vizuri kabisa.

Baada ya hapo nilianza kutoa uzito mbele. Mfumo wote wa kiyoyozi ulinipunguzia kilo 18. Betri ya kilo 15 niliihamishia kwenye buti, upande wa kushoto, kwa sababu dereva wetu hukaa kulia. Hapa nakusihi usifanye haraka. Betri ya kawaida hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo tumia iliyofungwa kabisa, au iweke ndani ya kasha lenye mpira wa kupeleka gesi nje. Ikaze kwa bolti kwenye bodi yenyewe, weka waya mnene, na fyuzi kubwa iwe karibu na betri. Nimeona waya uliopitishwa chini ya zulia bila fyuzi, umelika hadi shaba. Huo ni moto unaosubiri siku yake.

Pua ilishuka hadi asilimia 61. Haikurudi 60, na wala sihangaiki na 50 kwa 50. Hiyo waachie wenye Mazda MX-5, gari lililochorwa hivyo tangu mwanzo.

Jambo linalowachanganya wengi ni springi za kurekebisha kimo. Ukiinua au kushusha kona moja, mgawanyo wa mbele na nyuma haubadiliki, wala wa kushoto na kulia. Fikiria meza ya mkahawani inayoyumba: ukitia karatasi chini ya mguu mmoja, mguu huo na ule unaoutazama kwa mshazari ndiyo inayobeba zaidi, lakini meza ni ileile na vyombo viko palepale. Jumlisha tairi la mbele kulia na la nyuma kushoto. Zikaribie nusu ya uzito wote. Langu lilikuwa asilimia 53: kona za kushoto pua ilikataa kuingia, za kulia mkia ulilegea. Nilishusha springi ya mbele kulia mizunguko michache, nikapima tena, hadi nikafika 50 na nusu.

Usishushe gari lote sana, hata kama linapendeza. Mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia magurudumu kwa chini) ikianza kuelekea juu upande wa gurudumu, gari huanza kulala kwenye kona kuliko mwanzo.

Mwisho nilifunga stabilaiza nene zaidi nyuma, nikaanza kucheza na upepo wa tairi, psi 2 kwa mara moja, kitu kimoja tu kila raundi, na daftari likiwa kwenye kiti cha abiria. Jumamosi iliyofuata, kwenye kona ileile ya kushoto iliyonitesa, nilikata usukani na pua ikaingia.