Mlonge na maji ya ziwa

Dada, umeuliza mradi wa sayansi wa mwanao wa darasa la sita hapo Mwanza. Volkano ya siki na magadi achana nayo, imechosha. Ajaribu mbegu za mlonge kusafisha maji ya ziwa. Chupa tatu za lita moja, maji yale yale yenye tope: ya kwanza isitiwe kitu, ya pili mbegu moja iliyomenywa na kutwangwa, ya tatu mbegu tatu. Akoroge, aache saa 2, kisha asome gazeti kupitia kila chupa. Protini ya mbegu hugandanisha chembe za tope, zikazama. Maji achote mtu mzima kwa ndoo, mtoto asiingie ziwani, kichocho kipo. Na yasinywewe bila kuchemshwa, hata yakitakata vipi.