Anayeombwa na wote, yeye amwombe nani?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Kwa nini maombi ni muhimu kwa mwanaume Mkristo, na kwa nini wengi wamewaachia wake zao kazi hiyo?"

Jibu tulilozoea kulisikia kanisani ni kwamba mwanaume ni kuhani wa nyumba yake, kwa hiyo sharti aombe. Sina ugomvi nalo, ila naona halimfikii mwanaume mwenyewe alipo. Linamtwisha wajibu mmoja zaidi juu ya ile aliyo nayo, na wajibu ukizidi mtu huutimiza kwa midomo tu. Sala ya chakula, amina, haya tule.

Mimi naanzia kwingine. Mume na baba ni mtu wa kuombwa. Anaombwa ada, kodi, ruhusa, ushauri. Kazini anaulizwa, "Sasa tunafanyaje?" na wote wanamtazama usoni. Miaka ikipita hivyo, anasahau kabisa namna ya kuomba kitu chochote kwa mtu yeyote. Hapo ndipo ubabe huingia, au ule ukimya wa siku tatu ndani ya nyumba, au chupa. Akipiga magoti zamu inabadilika: mwenye shida sasa ni yeye, na anaruhusiwa kusema hajui la kufanya. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya kwanza ya maombi kwa mwanaume, hata kabla hajajibiwa lolote.

Mtu ninayempenda katika jambo hili ni Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, kazi ya kuaminiwa mno, na pia ya hatari, maana mbele ya mfalme hukunji uso ovyo. Siku moja mfalme akamwona ana huzuni, akamuuliza anataka nini. Biblia inasema: "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Kisha hapo hapo akamjibu mfalme. Hakuomba udhuru atoke nje, wala hakufumba macho. Aliomba katika ile pumzi iliyo kati ya swali na jibu, kisha akataja mambo yaliyonyooka: muda wa safari, barua za maliwali, miti ya kujengea malango. Lakini msomaji asiishie hapo. Habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa zilimfikia mwezi wa Kisleu, na mazungumzo haya yalikuwa mwezi wa Nisani, yaani miezi kama minne baadaye. Katikati yake kulikuwa na kufunga, kulia na kuomba. Sala ile fupi ilisimama juu ya sala ndefu. Na ukiangalia vizuri, mipango yake inaonekana ilikomaa humo humo kwenye maombi, ndiyo maana alipoulizwa hakubabaika. Wanaosema kuomba ni kukwepa kazi wamsome huyu.

Sasa niguse palipo pagumu. Paulo alipomwandikia Timotheo habari za wanaume na sala, alitaka waombe kila mahali, wakiinua mikono iliyotakata, "pasipo hasira wala majadiliano". Angeweza kutaja dhambi nyingine nyingi, akachagua hasira na ubishi. Alitujua. Naye Petro, ambaye mwenyewe alikuwa na mke, anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Mstari wa wake kutii, ulio juu yake katika sura hiyo hiyo, wanaume wengi wanaukariri kwa moyo. Huu wa kwetu hupitwa mbio. Maana yake ni nzito. Mume anayemdhalilisha mkewe usiku, kisha akakemea mapepo ibadani asubuhi, Petro anamwambia maombi yake yamezibwa, na aliyeziba ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana siafiki tunapolipima jambo hili kwa sauti na urefu. Nadhani hapo pia limejificha jibu la nusu ya pili ya swali lenu. Wanaume wengi wanaomba kimya kimya au hawaombi kabisa kwa sababu wameshaona maombi ya watu wenye maneno mengi, wakajiona wao hawana maneno. Mke anayo, basi aombe yeye.

Jeremiah Lanphier, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kuajiriwa na kanisa, aliuelewa udhaifu huu. Tarehe 23 Septemba 1857 alifungua kikao cha maombi cha saa sita mchana pale Fulton Street, New York, kwa ajili ya watu wa maofisini na madukani. Mwenye dakika tano aje, mwenye saa nzima aje. Nusu saa ya kwanza alikuwa peke yake. Mpaka mwisho walifika sita. Oktoba benki za jiji zikayumba, na vikao vya namna hiyo vikaenea katika miji mingine. Kanuni moja ninayoipenda: mtu asizidishe dakika tano katika kuomba kwake. Wazee wa makanisa yetu wangeiweka ukutani.

Niongeze tahadhari. Maombi hayalipi deni ambalo mtu hataki kulifanyia kazi, wala hayachukui nafasi ya daktari pale mwanaume anapougua mwili au akili.

Asiyejua aanzie wapi, aanze na Zaburi, zisomwe kwa sauti kama maneno yake mwenyewe. Ya 73 ni ya mtu anayewaonea wivu matajiri waovu. Ya 51 ni ya Daudi baada ya kuzini na Bathsheba. Ya 88 inaisha gizani bila jibu lolote, nayo ni sala halali. Kisha atafute mwanaume mwenzake mmoja amuulize, "Nikuombee nini wiki hii?" Mara ya kwanza atajibiwa, "Niko sawa tu." Wiki inayofuata aulize tena.