Usipe wimbo pointi siku ya kwanza

Bandugu, habari zenu. Juzi hapa Katuba, komini ya Lubumbashi, umeme ulikatika tangu saa kumi za jioni, simu imebaki na asilimia nane, nikaona badala ya kukaa nje kulalamika na majirani bora nivute ile sanduku iliyo chini ya kitanda. Nikatoa makaye yangu, yaani madaftari. Ni kaye nne zile za shule, zimeanza kuliwa na mende pembeni, na ndani yake nimeandika kila wimbo wa gita kavu niliousikiliza kwa makini tangu 2009, jina la mwimbaji, jina la wimbo, na pointi kwa 20 kama mwalimu anavyosahihisha enterro, ule mtihani mdogo wa darasani. Huu muziki vijana wa Marekani na Uingereza wanauita indie folk, mimi nasemaga tu gita kavu maana ndiyo ilivyo, mtu mmoja, gita moja isiyo na waya, na sauti inayokaa karibu na sikio.

Nilisoma kwa mshumaa mpaka usiku na niwaambie ukweli, niliona haya. Pointi zangu karibu zote zilikuwa za uongo.

Niwaeleze kilichonionyesha hivyo. Miaka kadhaa nyuma simu yangu iliharibika nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, simtaji, akatengeneza vizuri kabisa lakini memori kadi akaifuta yote bila kuuliza, nyimbo kama mia nne zikaenda, zile tulizokuwa tunahangaika nazo saiba, pale pa kulipia intaneti, unaacha wimbo mmoja unashuka unaenda kula bukari, yaani ugali, unarudi bado uko nusu. Zikabaki kaye tu. Sasa juzi ndiyo nikajipima: nachukua jina la wimbo, nafumba macho, najaribu kuupiga mluzi. Zile za 17 na 18, nyingi hata sikumbuki zinaanzaje! Na zile za 9, za 10, nilizoziandikia pembeni "huyu analala ao?", hizo zinatoka zenyewe mpaka mwisho na sehemu ya gita ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu ndiyo wote, andika jina la wimbo, andika ulikuwa wapi, saa ngapi, mvua ao jua, lakini ile nafasi ya pointi iache wazi mwaka mzima.

Chukua Bon Iver, yaani Justin Vernon. Alijifungia kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin wakati wa baridi kali, akarekodi albamu karibu yote peke yake, akaitoa mwenyewe 2007, na mwaka uliofuata kampuni ikaichukua dunia nzima ikalia. Mimi nilimpa 17. Nikisoma niliyoandika naona maneno "theluji", "peke yake", "kibanda", "kuni", hakuna hata neno moja juu ya gita wala sauti. Yaani nilikuwa nakipa pointi kibanda! Hadithi ilifika kabla ya wimbo. Siyo kwamba ni mbaya, wimbo wake "Skinny Love" bado naupenda, ila leo ningempa 14 na nisingejisikia vibaya. Kama unaweza, sikiliza kwanza, historia ya mwimbaji uisome baadaye sana.

Kundi la Fleet Foxes wa Seattle niliwapa 18, zile sauti zao zinapandana kama korali ya paroasi siku ya Pasaka, na mtu aliyekulia kwenye korali kama mimi hawezi kukataa. Hao wamebaki palepale. Nawasikilizaga mwezi wa sita asubuhi wakati baridi ya Lubumbashi inakufanya uvae makoti mawili, basi.

Lakini angalia Nick Drake, Mwingereza. Nilimpa 9. Albamu yake ya mwisho, Pink Moon ya 1972, ni kama dakika 28 tu, alirekodi kwa usiku mbili, yeye na gita na fundi wa sauti, piano inapita kidogo sana kwenye wimbo wa kwanza halafu inaondoka hairudi tena. Pembeni niliandika "fupi, hakuna kitu". Jamaa alikufa 1974 ana miaka 26 na sahani zake za muziki karibu hakuna mtu aliyenunua, mpaka 1999 wimbo mmoja wa albamu hiyo ukawekwa kwenye tangazo la gari huko Marekani, ndiyo watu wakaanza kuuliza huyu ni nani. Miaka 27 tangu albamu itoke! Na Vashti Bunyan, Mwingereza, albamu yake ya 1970 ilipita kimya akaacha muziki kabisa akaenda kulea watoto, 2000 wakairudisha sokoni, vijana wakaipenda, 2005 akatoa ya pili. Basi mimi ni nani wa kumaliza kazi ya mtu kwa dakika tatu, kalamu nyekundu mkononi.

Iron & Wine nilimpa 10. Ni Sam Beam, alikuwa anafundisha mambo ya sinema huko Florida, nyimbo za kwanza alijirekodia nyumbani kwenye kimashine cha njia nne zikatoka 2002. Niliandika "anaimba kama mtu anaogopa kuamsha mtoto", nikacheka na rafiki zangu. Halafu 2015 nikapata mtoto. Nyinyi wenye watoto mnajua ile saa nane ya usiku, umembeba begani, unatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni, huwezi kuweka muziki wa kelele na ukimya nao unakulaza ukiwa umesimama. Nilimweka huyo jamaa chini chini, na mtoto akalala, na mimi sikuzima. Sasa ni 18 hiyo, nani atabisha.

Ile ninayoionea haya zaidi ni ya kwetu. Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco, mpiga gita, mtoto wa Bunkeya huku Katanga. Wimbo ni "Masanga". Hugh Tracey, yule Mzungu aliyekuwa anazunguka na mashine kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, kilomita kama 120 kutoka hapa, kijana wa miaka 22 hivi. Sahani ile ikazunguka mpaka nchi ya Kenya, baadaye mwenyewe akakaa Nairobi kidogo na magita ya kule yakabadilika. Wataalamu wa Ulaya wamekaa chini kuandika kila noti ya mkono wake. Na mimi, mtoto wa Katanga, nimeandika: "wimbo wa wazee, gita nyembamba, 11."

Gita nyembamba. Hilo neno lilinisumbua, maana sasa nikiisikia si nyembamba hata kidogo. Nikatafuta kaye inasema nilisikilizia wapi: "taksibisi, njia ya Kenya, spika ya simu" (Kenya hii ni komini ya hapa Lubumbashi, siyo ile nchi). Basi hapo ndipo lilipo. Spika ya simu, hasa zile simu zetu za wakati ule, haitoi sauti za chini, inazila. Na gita ya Mwenda nusu yake iko chini, kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka wakati kidole cha shahada kinachezacheza juu kwenye nyembamba, mmoja anahesabu hivi mwingine anahesabu vile, ukiondoa gumba imebaki shahada peke yake, ni kama kula bukari bila mboga ao mboga bila bukari, chagua mwenyewe. Kwa hiyo nilimpa 11 mtu ambaye nilisikia nusu yake. Nunueni hedifoni bandugu, hata za bei ya chini za sokoni, mradi zinatoa besi kidogo. Gita kavu kwa spika ya simu ni kumwonea mpigaji.

Ilinibidi nijifunze kuipiga ndiyo nielewe, na hilo pia nawashauri hata kama hamtapiga mbele ya mtu maisha yenu yote. Nilikuwa nahangaika nayo nje kwangu siku moja, vidole vinne vyote vinafanya kazi kama wale wa video za YouTube, jirani yangu mzee mmoja mstaafu akapita na kiti chake akakaa.

"Weye unapigaka na bidole ngapi?"

"Bine, papa."

"Ndio sababu. Ba Mwenda alikuwaka anapiga na bibili. Gumba na hiki. Hivi bingine ufunge."

Akanishika mkono akakunja vidole vyangu vitatu ndani ya kiganja kama anamfunga mtoto nepi. Nikabaki na gumba na shahada. Wiki mbili za kwanza gumba ilikuwa inamfuata shahada kila akienda, nikiruka huku na yeye anaruka, mpaka jioni moja bila kufikiria gumba ikaendelea na safari yake peke yake na nikashtuka nikasimama, na nilivyosimama tu ikapotea. Mpaka leo nafika sehemu ya pili nakwama. Lakini sasa nikimsikia Nick Drake, ao José González yule Mswidi wa wazazi kutoka Argentina, siangalii tena kama wimbo ni mfupi ao mrefu, natafuta kwanza gumba iko wapi, inafanya nini.

Jambo dogo kabla simu haijazima: nyimbo zenu ziwekeni sehemu mbili, memori kadi na mahali pengine, na majina yaandikeni kwenye karatasi. Karatasi haifutwi na fundi.

Juzi ile ile, mshumaa ukiwa karibu kuisha, nikatoka nje nikamkuta mzee kwenye kiti chake gizani, nikamwambia ukweli wote juu ya kaye na pointi.

"Masanga uliipa ngapi?"

"Kumi na moja, papa."

"Kwa ngapi?"

"Kwa makumi mbili."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye alikuwa kidogo hivi, akaonyesha chini ya goti, baba yake aliileta ile sahani nyumbani na gramafoni mpya, wakaipiga siku ya mungu, yaani Jumapili, mchana mzima.

"Na weye papa ungeipa ngapi?"

"Mimi? Siku ile nililia bazime ile gramafoni."