Mtoano wa mara moja au wa mara mbili?

Ndugu yangu, umeuliza kama mashindano ya karata ya mtandaoni mnayoyaandaa hapo Ujiji, yenye wachezaji 16, yafuate mtoano wa kupoteza mara moja, yaani anayeshindwa pambano moja hutolewa. Faida yake ni wepesi: mapambano 15 tu katika raundi 4, na kila mtu hulielewa jedwali. Hata hivyo, karata si bao. Mchezaji hodari anaweza kugawiwa karata zisizo na turufu hata moja, au umeme ukakatika katikati ya mchezo, akatolewa na mtu ambaye kwa kawaida angemshinda, na nusu ya washiriki huwa wameshaondoka kabla hawajakaa vizuri. Mtoano wa kupoteza mara mbili, ambapo anayeshindwa mara ya kwanza huhamia upande wa walioshindwa na hutolewa akishindwa tena, hupunguza dhuluma hiyo, lakini mapambano hufika 30 au 31, na anayepanda kutoka upande wa walioshindwa huchoka na kumaliza bando. Mimi ningebaki na kupoteza mara moja, ila kila pambano liwe la michezo 3, atakayetangulia kushinda 2 asonge mbele, na fainali iwe ya michezo 5.