Shokapu za kwadi: pima inavyozama kabla hujakaza springi

Mkuu, swali lako nimelisoma lote: kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) aina ya Yamaha Raptor 700R, ya mtumba kutoka Dubai, uko Usa River, una kilo 98, nyuma inagonga chini ukitua korongoni, mbele inadunda kwenye barabara za vumbi, na fundi amekwambia dawa ni kukaza springi ya nyuma mpaka mwisho. Subiri kidogo na hiyo spana.

Mimi nafanya kazi hii Maskati. Wateja wangu wengi ni watu wa kwenda kucheza kwenye michanga ya jangwani Bidiya, hapa Oman, na kwadi kama yako ndizo zimejaa huku. Ujue iliyokufikia imetegwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine na ardhi nyingine. Muuzaji huosha na kung'arisha plastiki, springi haigusi.

Halafu hili la kukaza. Ile nati ya kwenye shokapu inayobana springi haiifanyi springi iwe ngumu. Springi inayotaka uzito fulani ili ibonyee sentimita moja, itataka uzito uleule hata ukaze nati mpaka mwisho wa uzi. Unachobadilisha ni kimo ambacho mashine inasimama ukishaipanda. Ndiyo maana tunapima inavyozama: umbali inaoshuka kutoka pale shokapu zimenyooka kabisa hadi pale umekaa juu yake na nguo zako za safari.

Kabla ya kupima, tia upepo wa tairi sawa kulia na kushoto, kisha inua nyuma kwa jeki, shika tairi na ulitikise juu chini. Ukisikia "tik" ndogo kabla shokapu haijaanza kusogea, beringi za linki (vyuma vinavyoshikilia shokapu ya nyuma) zimekwisha, na mchanga wa huku ndio kazi yake hiyo. Angalia na fimbo ya shokapu: ikiwa na mafuta na vumbi lililoganda, sili (mpira wa kuzuia mafuta) imeachia. Hapo tengeneza kwanza, vipimo utakavyopata vitakudanganya.

Sasa inua mpaka tairi zote zining'inie. Nyuma, pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima mpaka alama utakayoweka kwa utepe kwenye chesisi au madigadi. Mbele pima hivyohivyo kutoka katikati ya haba (kitovu cha gurudumu), pande zote mbili. Wengine hupima kutoka ardhini. Mimi sipendi, kwa sababu tairi la kwadi linatumia upepo kidogo na linabonyea, ukaishia kupima mpira badala ya springi. Andika.

Ishushe chini, na hapa ndipo wengi wanapokosea: magurudumu ya mbele yanapopanda, hutanuka kwenda nje. Ukiishusha tu kutoka kwenye jeki, tairi zinang'ang'ania sakafu na mashine inabaki imesimama juu kuliko kawaida yake. Isukume mbele na nyuma mita mbili tatu, ibonyezebonyeze, ndiyo upime. Hicho ni kipimo cha mashine peke yake. Kisha panda, helmeti na buti mwilini, simama kidogo kwenye vikanyagio kama unavyoendesha, mwenzako apime tena. Mwambie abonyeze nyuma taratibu aachie, apime. Kisha ainue taratibu aachie, apime. Msuguano wa ndani utatoa namba mbili tofauti, chukua ya katikati.

Nyuma ya Raptor 700R ina mwendo (umbali wote gurudumu linaoweza kupanda na kushuka) wa milimita 256 na mbele 231. Ukiwa juu yake, lenga theluthi moja au pungufu kidogo: nyuma 75 hadi 85, mbele karibu 70. Ikizama zaidi ya hapo, kaza. Ikizama pungufu, legeza. Safisha uzi wa shokapu kwa brashi na upulizie mafuta kabla ya kuzungusha, la sivyo utakula nati. Inua tairi hewani springi ipumue, legeza nati ya kufungia, zungusha mzunguko mmoja, shusha, isukume, pima upya. Mzunguko mmoja kwenye springi huonekana mkubwa zaidi kwenye gurudumu, kwa hiyo usiende kwa pupa. Mbele, kulia na kushoto zilingane.

Sasa rudi kwenye kile kipimo cha mashine peke yake, kwa sababu ndicho kitakachojibu swali lako. Kuna jamaa mmoja mnene aliletwa kwangu na malalamiko kama yako. Tulikaza nyuma mpaka akikaa inazama 80, namba nzuri kabisa. Akishuka, mashine inapanda yote hadi mwisho, shokapu imenyooka, ukiinua bampa la nyuma haisogei hata kidole. Maana yake springi ni laini kwake: tumeibana sana ili tu imbebe, na mwendo wa kushuka mashimoni umekwisha. Huyo hahitaji nati, anahitaji springi ngumu zaidi. Kinyume chake pia kipo: ukikaa namba ni sawa, lakini bila mtu tayari imezama sehemu kubwa ya mwendo, hapo springi ni ngumu kwako. Watu wengi huligeuza hili kichwa chini, wakiona haizami bila mtu wanasema springi ni ngumu sana, wanaweka laini zaidi.

Kwa kilo zako nahisi uko upande wa yule jamaa, ila namba ndizo zitasema. Na usiache nyuma imelala hivyo kwa muda mrefu. Nyuma ikilala pua inaelea, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mlima mkali kwadi inaweza kukugeukia kinyumenyume. Nimesoma pia kwamba unampakia shemeji. Raptor ni ya mtu mmoja, mkuu, hakuna springi itakayorekebisha hilo.

Ukishapata namba, angalia tairodi (fimbo za usukani zinazoelekeza tairi za mbele), maana kimo kikibadilika na uelekeo wa tairi za mbele unabadilika. Ukiongeza mkazo mwingi nyuma, ongeza na skrubu ya kurudi (ile inayopunguza kasi ya shokapu kunyooka tena) kliki moja mbili ili isikurushe. Mbele kudunda huenda ni mkazo uliozidi tu, huyo aliyekuwa nayo pengine alikuwa anaruka matuta ya mchanga.

Weka hapa namba zako, mbele na nyuma: imening'inia, bila mtu, na ukiwa juu. Na picha ya nyuzi za shokapu zinazoonekana juu ya nati. Nikiziona nitakwambia kama utafute springi au la.